Mnunuzi wa mashine ya kupogoa ua amshirikishe atakayeibeba

MVUA ya masika inapokatika mwezi wa Juni, nyua za miti katika mitaa ya Karen, Runda na Lavington jijini Nairobi huwa zimerefuka kupita kiasi, na wakandarasi wa bustani huanza kupigiwa simu mfululizo.

Kazi ambayo kibarua mwenye makasi ya mkono angeifanya kutwa nzima, mashine huimaliza kwa saa chache. Ndiposa wengi walio katika biashara hii hujipata dukani wakitafuta mashine ya kupogoa ua, na baada ya bei, jambo wanalouliza ni uzito wake.

Swali hilo ni la busara. Hata hivyo, uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya mauzo aghalabu hauelezi ukweli wote, na anayegharimika ni mtu ambaye hakuwepo dukani: kibarua atakayeishika mashine hiyo tangu asubuhi hadi jioni.

Mashine nyingi za petroli zinazotumiwa katika kazi hii zina injini ya sentimita 21 hadi 27 za ujazo, na uzito wa kilo 4.5 hadi 6 hivi. Tofauti ya kilo moja unusu yaweza kuonekana ndogo kwa mtu aliyezoea kubeba gunia la mahindi.

Lakini mashine hii haitwikwi mgongoni. Hushikwa mbele ya kifua mikono ikiwa imenyoshwa, na huinuliwa kupita mabega mtu anaposawazisha sehemu ya juu ya ua. Kadiri uzito unavyokuwa mbali na mwili, ndivyo misuli ya mabega na mgongo inavyolemewa.

Uzito usioandikwa

Watengenezaji wengi hutaja uzito wa mashine ikiwa haina mafuta. Nusu lita ya petroli huongeza karibu gramu 370. Kwa mashine za betri, uzito unaotangazwa mara nyingi ni wa mashine tupu, ilhali betri inayofaa kazi ya kutwa yaweza kuwa na kilo moja au zaidi. Mnunuzi aulize kama uzito anaotajiwa unajumuisha mafuta au betri.

La pili ni mizani ya mashine yenyewe. Mashine ya kilo 5 iliyosawazishwa vyema huchosha kidogo kuliko ya kilo 4.5 ambayo ncha yake huinama kila inaposhikwa. Njia ya kuitambua ni rahisi: ishikwe kwa mishikio yote miwili, kisha itazamwe kama visu vinatulia au vinaelekea chini. Vikielekea chini, kiganja kitafanya kazi ya kuviinua siku nzima.

Visu na aina ya ua

Urefu wa visu huanzia sentimita 45 hadi 75 na zaidi. Visu virefu hufyeka eneo kubwa kwa mpito mmoja, lakini huongeza uzito upande wa mbele, mahali ambapo mkono huumia zaidi. Kwa mkandarasi anayehudumia nyua za aina mbalimbali, sentimita 60 huwa ni urefu wa wastani unaofaa. Visu vyenye makali pande zote mbili humwezesha mfanyakazi kukata akienda na akirudi, nao mshikio wa nyuma unaozunguka humwondolea haja ya kupinda kiwiko anapokata ubavuni mwa ua.

Nafasi baina ya meno ya visu huamua unene wa matawi yatakayokatwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Kayaba, mmea wa miiba uliotoka kusini mwa Afrika na ambao umekuwa ua wa kawaida nchini Kenya, huwa na matawi magumu usipopogolewa kwa muda. Mashine ya meno yaliyokaribiana hukwama humo, na mfanyakazi hulazimika kuisukuma kwa nguvu.

Baadhi ya kampuni hutenganisha mashine za kazi hizo mbili. Katika mashine za Stihl aina ya HS 82, kwa mfano, yenye herufi R ina meno yaliyoachana na visu vinavyokwenda polepole, kwa matawi mazito. Yenye herufi T ina meno ya karibu na mwendo wa kasi, kwa ua laini unaopogolewa mara kwa mara.

Petroli au betri

Mashine ya betri ni nyepesi kiasi, haitoi moshi, na kelele zake hazimkeri jirani. Kasoro yake ni kwamba betri huisha kazi ikiendelea, na kibarua aliye mbali na umeme huhitaji betri kadhaa za akiba. Gharama ya betri hizo yafaa ijumlishwe tangu mwanzo.

Ya petroli hujazwa kwa dakika moja na kuendelea. Nyingi zina injini ambayo petroli yake huchanganywa na oili maalumu. Pakitakiwa kiwango cha 50 kwa 1, lita moja ya petroli huhitaji mililita 20 za oili. Kikiwa 25 kwa 1, ni mililita 40. Kukisia kwa macho kumeua injini nyingi zilizokuwa nzima.

Mtikisiko na kelele

Kuna mzigo mwingine usiopimwa kwa kilo. Mtikisiko wa mashine, mtu akiuvumilia kwa miaka, huharibu neva na mishipa midogo ya damu, hata vidole vikafa ganzi na kupauka hasa wakati wa baridi.

Sheria ya Muungano wa Ulaya ya 2002 iliweka kiwango cha tahadhari cha mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya kazi ya saa 8. Mashine yenye mtikisiko wa 5 hufikia kiwango hicho kwa saa 2 tu. Takwimu za kila mshikio huandikwa katika kijitabu cha mashine, na mnunuzi ana haki ya kukiomba kabla ya kulipa.

Kuhusu kelele, kanuni za Kenya za mwaka wa 2005 ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8, nazo mashine nyingi za petroli hukipita kiwango hicho karibu na sikio la anayezitumia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Viziba masikio, miwani na glavu nzito vihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya mashine.

Wepesi wa bei

Baadhi ya mashine ni nyepesi kwa kuwa zimeundwa kwa ajili ya mwenye nyumba anayepogoa ua wake mara chache kwa mwaka. Zikitiwa katika kazi ya kila siku, gia huchakaa na visu hulegea. Mashine ya kazi huwa na mahali pa kutilia grisi, visu vinavyoweza kunolewa, na vipuri vinavyopatikana nchini. Visu butu humchosha mtu kuliko kilo moja ya ziada, hivyo vifutwe utomvu kila jioni.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mkandarasi anayetaka mashine nyepesi aandamane dukani na kibarua wake. Mashine itiwe mafuta au betri, kisha kibarua aishike usawa wa mabega kwa dakika 5. Mikono ikianza kutetemeka, itafutwe nyingine.