KUTAFUTA KAZI: KUFAHAMIANA, SIMU NA WASIFU ULIO SAHIHI



Kila msimu wa korosho unapokwisha, na kila mara matokeo ya mitihani ya kidato cha nne yanapotangazwa, ofisi za vyama vya msingi hupokea wageni wa namna moja. Nao ni vijana wa wanachama wetu wanaotafuta kazi, ambao humwomba katibu awaandikie barua. Mara nyingi katibu huandika mistari mitatu, hupiga muhuri, na kijana huondoka. Baada ya hapo hakuna anayejua barua ile imeishia wapi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi zinavyopatikana siku hizi, kwa nini barua ya mistari mitatu haitoshi, na chama cha msingi kinaweza kufanya nini ili mtoto wa mkulima asiachwe nyuma kwa sababu tu ya kukosa habari.

Jambo hili si dogo kwa wakazi wa Ziwani na vijiji vyote vya pwani hadi mlango wa mto Ruvuma. Katika wilaya yetu hii ya Mtwara, kiwanda cha saruji cha Dangote kilianza uzalishaji mwaka 2015 huko Msijute. Mwaka huohuo ulizinduliwa mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba. Kabla ya hapo, mwaka 2013, suala la gesi lilipoleta machafuko mkoani mwetu, miongoni mwa maswali yaliyoulizwa na wananchi lilikuwa ni nani atakayepata kazi na manufaa. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inazitaka kampuni za mafuta na gesi kuwa na mpango wa kuwaajiri na kuwafundisha Watanzania. Lakini yafaa tuelewe kwamba sheria imesema Watanzania. Haikusema mtu wa Ziwani peke yake. Kijana wetu hana budi kushindana na wenzake wa Dodoma, Moshi na Mbeya, ijapokuwa mtambo uko karibu na shamba la baba yake.

HABARI ZA KAZI HUPITA WAPI?

Watu wa kusini walianza zamani kusafiri kutafuta kazi. Wakati wa ukoloni, maelfu ya watu wa Jimbo la Kusini, pamoja na wale waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, kilichoitwa SILABU. Waliochukuliwa kwa mkataba walijulikana kwa jina la manamba. Habari za kazi ziliwafikia kwa njia mbili: kwa mdomo wa mwandikishaji, au kwa mdomo wa mtu aliyekwisha kwenda na kurudi. Mwandikishaji alisema yale yaliyomfaa yeye na mwajiri wake. Aliyerudi ndiye aliyeweza kueleza ukweli juu ya ujira, chakula na ukali wa nyapara.

Hali hiyo haikubadilika sana kama tunavyodhani. Hata katika nchi zenye magazeti mengi na ofisi nyingi za ajira, kazi nyingi bado hupatikana kwa kuambiwa na mtu. Mwanazuoni wa Marekani, Mark Granovetter, alichunguza jambo hili katika mji wa Newton, karibu na Boston, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1973 na 1974. Aligundua kwamba zaidi ya nusu ya watu aliowahoji walipata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Lililowashangaza wengi ni hili: miongoni mwa aliowauliza zaidi juu ya mtu huyo, ni takriban 17 tu katika kila 100 waliokuwa wakionana naye mara kwa mara. Wengi waliobaki walikuwa wakionana naye mara mojamoja tu, au kwa nadra.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Ndugu na jirani wa karibu wanajua yale unayoyajua wewe. Mnalima pamoja, mnavua pamoja, na habari zenu ni zilezile. Lakini mtu uliyesoma naye, dereva wa lori anayepakia korosho ghalani, au fundi aliyekuja kujenga shule kisha akahamia mjini, huyo anaishi mahali ambapo habari nyingine hupita. Mwaka 2022 watafiti walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya milioni 20 wanaotumia mtandao wa LinkedIn, nao wakaona kwamba ukweli huo ungali upo, hasa katika kazi zinazotegemea kompyuta. Katika kazi zisizotegemea sana kompyuta, watu wa karibu ndio waliosaidia zaidi. Basi kijana hapaswi kuwadharau wa karibu wala kuwasahau wa mbali. Wahenga walisema, mtu ni watu.

KUFAHAMIANA SI UPENDELEO

Hapa pana hatari ya kuelewa vibaya. Wapo watakaosema: “Ndiyo hayo tuliyoyasema siku zote, kazi ni kujuana.” Lakini mambo haya mawili yana tofauti kubwa. Kufahamiana kwa faida ni kupeana habari: kazi fulani imetangazwa, mwisho wa kupokea maombi ni tarehe fulani, wanataka cheti fulani. Upendeleo ni kumpa mtu kazi asiyoiweza, au kuuza nafasi kwa fedha. Habari ikimfikia kila mtu, hakuna aliyedhulumiwa. Nafasi ikiuzwa, aliyedhulumiwa ni mtoto wa asiyekuwa na fedha, yaani mtoto wa mwanachama wetu. Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, ukiwemo ubaguzi kwa sababu ya kabila au mahali mtu alikotoka, na kinga hiyo inamhusu pia anayeomba kazi.

Kanuni hii ianzie nyumbani. Chama kinapohitaji karani wa msimu, mlinzi wa ghala au mpimaji wa mizani, tangazo libandikwe ubaoni na lisomwe mkutanoni. Kamati inayogawa nafasi hizo kwa siri haina haki ya kulalamika kiwanda kinapofanya hivyohivyo.

SIMU NA MITANDAO YA KIJAMII

Siku hizi ubao wa matangazo umo ndani ya simu. Kampuni na halmashauri hutangaza nafasi kwenye tovuti zao, na matangazo hayo husambazwa katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Kazi nyingi za Serikali huombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, uitwao Ajira Portal. Asiyekuwa na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa na mwenye nayo, mradi maombi yawe ya mwombaji mwenyewe na neno lake la siri alijue mwenyewe.

Kijana anayetumia mitandao kwa kutafuta kazi azingatie yafuatayo:

(a) Awe na namba ya simu isiyobadilika kila mara, na anwani ya barua pepe yenye jina lake halisi. Mwajiri anayepiga simu mara mbili bila kumpata huita mwingine.

(b) Anapoandika kwa mtu anayemfahamu, asiombe “kazi yoyote”. Aeleze anachoweza kufanya na aulize habari: je, kuna nafasi inayotangazwa, na masharti yake ni yapi? Kuuliza habari hakumtii mtu katika deni.

(c) Akumbuke kwamba ukurasa wake huweza kusomwa na mwajiri. Matusi ya leo huweza kumnyima kazi kesho.

(d) Kila tangazo lililosambazwa alithibitishe kwenye tovuti ya mwajiri mwenyewe, au aende ofisini kuuliza.

Hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa kuwa matapeli nao wameingia katika makundi hayo. Hutangaza kazi za gesi, za bandarini au za ng’ambo, kisha hudai fedha za “fomu”, za “sare” au za “vipimo vya afya” zitumwe kwa simu. Wanachama waambiwe wazi kwamba kuomba kazi kwa Sekretarieti ya Ajira hakuna malipo. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, nao umeweka kanuni ya jumla kwamba wakala wa ajira asimtoze ada mfanyakazi. Anayedai fedha kabla ya kutoa kazi, atiliwe shaka. Vilevile, picha za vitambulisho na vyeti zisirushwe ovyo katika makundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu, lakini mlinzi wa kwanza ni mwenyewe.

WASIFU NA VIAMBATISHO

Habari humfikisha kijana mlangoni. Kinachomwingiza ndani ni maandishi yake. Wasifu wa kazi, ambao vijana huuita sivii, ni maelezo mafupi ya mtu: jina, anwani, elimu, ujuzi, kazi alizofanya na wadhamini wake. Kurasa mbili zinatosha. Kosa kubwa linaloonekana ni kuandika maneno ya jumla. Tuchukue mfano wa kijana aliyesaidia ghalani. Akiandika, “Nina uzoefu wa kazi mbalimbali na ninajituma,” hajasema kitu. Lakini akiandika, “Karani msaidizi wa mizani, ghala la chama cha msingi, Oktoba hadi Desemba 2023: kupima korosho, kuandika stakabadhi za wakulima, na kulinganisha hesabu ya magunia kila jioni,” mwajiri anaona mbele yake mtu anayejua kupima, kuandika na kutunza hesabu. Kiwanda kinahitaji watu wa namna hiyo.

Vijana wengi hudhani kwamba hawana uzoefu kwa sababu hawajapata mshahara. Si kweli. Aliyetengeneza injini za mashua, aliyejenga nyumba na fundi wa kijiji, au aliyetunza daftari la kikundi cha akina mama, ana ujuzi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na yenye chuo mjini Mtwara, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi akifaulu hupewa cheti.

Kwa maombi ya kazi za Serikali, masharti ya kawaida ni barua ya maombi iliyosainiwa, kwa Kiswahili au Kiingereza; wasifu wenye anwani na simu za uhakika; majina ya wadhamini watatu; na nakala za cheti cha kuzaliwa na vyeti vya elimu zilizothibitishwa kisheria. Hati ya matokeo pekee haikubaliwi mahali pa cheti. Cheti cha kughushi huweza kumpeleka mtu mahakamani. Namba ya kitambulisho cha Taifa nayo huhitajika katika kujisajili. Asiye na cheti cha kuzaliwa asisubiri tangazo litoke. Nyaraka hizi huchukua muda, na tangazo halimsubiri mtu.

WAJIBU WA KATIBU NA CHAMA

Barua ya chama haichukui nafasi ya barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji. Kazi yake ni kushuhudia yale ambayo chama kinayajua. Kwa hiyo ieleze: kijana alifanya kazi gani chamani, tangu lini hadi lini, chini ya nani, na alikabidhi vipi fedha au mali aliyoaminiwa. Katibu asishuhudie asichokijua. Barua moja ya uongo ikigundulika, barua zote zitakazofuata kutoka chama hicho hazitaaminiwa, na watakaoumia ni vijana waaminifu.

Zaidi ya hayo, vyama vinashauriwa kuchukua hatua tatu zisizo na gharama kubwa:

1. Kuwa na ubao wa nafasi za kazi ofisini, na katibu asome matangazo yaliyothibitishwa katika kila mkutano wa wanachama.

2. Kutunza daftari la vijana wa wanachama na ujuzi wao, kwa ridhaa yao, ili mkandarasi anapofika kijijini kutafuta waashi au wapishi apate jibu siku hiyohiyo.

3. Kuwaomba watoto wa wanachama walio kazini mijini wapeleke nyumbani habari za nafasi zinazotangazwa. Hao ndio watu wa mbali tuliowataja. Chama kinaweza kuwaunganisha na kijiji kuliko familia moja moja inavyoweza.

Na kazi ikipatikana, kijana asikubali kuanza bila maandishi. Sheria ya mwaka 2004 iliyotajwa hapo juu inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi juu ya kazi yake, mahali, saa za kazi, muda wa mkataba na ujira. Na asiyeyaelewa aelezwe kwa namna atakayoielewa. Manamba wengi hawakupata nafasi hiyo. Kijana wa leo anayo, na asiyeweza kusoma mkataba wake alete karatasi hiyo ofisini kwa katibu kabla ya kuitia saini.

Makatibu wanaombwa kuyasoma makala haya katika mkutano ujao wa chama, na kuacha nakala moja ubaoni.