Anayefaidi muziki wa pwani siye anayelipa ada

Mwaka 2019 chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa Forodhani, Unguja, mwaka 2002, kilitangaza hadharani kwamba fedha za wafadhili zimekatika na huenda kikafunga milango. Wakati huo kilikuwa na wanafunzi wa muda wote wapatao 70, na ada ilikuwa kama dola 13 za Marekani kwa mwezi. Wengi hawakuimudu. Yaliyosemwa wakati ule yalielemea upande wa huzuni: taarabu inapotea, vijana wanakosa pa kwenda. Huzuni hiyo ilistahili, lakini kuna hesabu iliyorukwa. Zidisha 13 kwa 70, unapata dola 910. Hata kama kila mwanafunzi angelipa tarehe mosi bila kukosa, chuo kingebaki na shilingi milioni mbili na ushei za wakati ule, ziwalipe walimu wa udi, kanuni, fidla, kodiani na ngoma, zilipe umeme, zitengeneze ala na kulitunza jengo kongwe lililoelekea bahari. Umaskini wa wanafunzi ulizidisha tatizo, haukulizaa. Tatizo lenyewe ni kwamba anayejifunza ndiye anayedaiwa, na anayekuja kuununua ujuzi wake miaka mitano baadaye hadaiwi kitu.

Biashara ya kufundisha muziki ina ugumu wa maumbile ambao hauondolewi na uongozi bora peke yake. Wanauchumi William Baumol na William Bowen waliueleza mwaka 1966 walipochunguza hesabu za sanaa za jukwaani: kiwanda hupata mashine na kuzalisha maradufu kwa saa ileile, lakini wapiga ala wanne wanaopiga kipande cha nusu saa wanahitaji nusu saa, kama ilivyokuwa karne mbili nyuma. Kufundisha ala ni hivyohivyo. Mwalimu wa hisabati anaweza kusimama mbele ya watoto 60. Wa fidla lazima atazame mkono wa mmoja, asikie kosa lake, alirekebishe, kisha amwite anayefuata. Mishahara ya mtaani ikipanda, naye lazima apandishiwe au aende kuendesha bodaboda, ingawa saa yake haijazaa zaidi. Nje ya miji mikubwa ugumu huu huzidi, maana mwalimu mzuri wa kanuni hapatikani kwa tangazo la gazetini, na ala yenyewe ikiharibika fundi wake yuko mbali. Hewa ya pwani haina huruma kwa vyombo hivi. Unyevu hulegeza gundi ya fidla, chumvi hula vilimi vya chuma vya kodiani, na kanuni, yenye nyuzi zaidi ya 70, hupoteza sauti yake kila hali ya hewa inapobadilika. Chuo kisicho na fungu la matengenezo hununua ala mara moja kwa msaada wa ubalozi fulani, kisha huzitazama zikifa moja moja kabatini. Mtu akiniuliza dalili ya kwanza kwamba chuo cha muziki kinakufa, nitamwambia aachane na orodha ya wanafunzi aende akafungue hilo kabati.

Sasa tazama upande wa wanunuzi, ambao haukosi fedha. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 mwaka 2023, na hoteli nyingi za ukanda wa mashariki na kaskazini mwa Unguja huwatumbuiza kwa taarabu, ngoma au bendi baada ya chakula cha usiku. Bara, biashara kubwa ni harusi. Kamati hukaa, michango hukusanywa kwa simu, na kwenye bajeti, baada ya ukumbi, chakula na mapambo, huja matarumbeta, wale vijana wanaopuliza juu ya pikapu nyuma ya gari la maharusi, na huenda bendi pia. Wapulizaji hao walijifunzia wapi? Wengine kwenye bendi za makanisa, hasa ya Kilutheri ya kaskazini ambako kupuliza tarumbeta ibadani ni mila ya tangu enzi za wamisionari wa Kijerumani. Wengine kwenye bendi za polisi na jeshi. Maana yake ni kwamba sadaka ya waumini na hazina ya serikali vimekuwa vikisomesha wafanyakazi wa sekta binafsi ya burudani kwa miongo mingi, bila yeyote kuandika ankara. Ruzuku ipo, ila imefichika, na kwa kuwa imefichika haipangwi wala haifiki kule ambako hakuna kwaya yenye ala wala kambi.

Ukilinganisha taasisi zilizodumu na zilizoyumba, tofauti haiko kwenye ubora wa mafunzo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981 na kuwa wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa mwaka 2007, kiko mji mdogo usio na utajiri wa kutisha, lakini nyuma yake iko hazina ya serikali. Norway ilikwenda mbali zaidi: tangu 1997 sheria inaitaka kila manispaa, peke yake au kwa kushirikiana na jirani zake, iwe na shule ya muziki na utamaduni kwa watoto na vijana, na gharama kubwa hubebwa na manispaa. Sitaki kumshauri mkurugenzi wa halmashauri ya Pangani aige Norway. Mapato yake ya ndani hayafanani hata kwa ndoto. Ninachotaka ni kuonyesha kwamba hata katika nchi tajiri kiasi hicho ada ya mzazi haijabeba shule hizi. Kwa hiyo anayekidai chuo cha Unguja "kijiendeshe" kwa ada anakidai jambo lililoshindikana Oslo. Na wafadhili nao si nguzo ya kuegemea daima: tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004 na kujulikana dunia nzima, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu ya ukata.

Wapo watakaosema suluhisho ni tozo kwa mtalii. Hesabu inavutia: dola moja kwa kila mgeni wa 2023 ingeleta zaidi ya dola 600,000, ilhali ada zote za wale wanafunzi 70 kwa mwaka mzima zisingefika 11,000. Lakini tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipa dola 44 za bima ya lazima, juu ya tozo nyingine, na wenye hoteli wana haki ya kulalamika kwamba kila wizara inamwona mtalii kama mnazi wake wa kukwea. Njia ninayoiona bora ni mkataba. Hoteli tano za ukanda mmoja zikikubali kununua kutoka chuoni usiku kadhaa wa muziki kwa msimu, kwa bei iliyoandikwa, huku sehemu ya bei hiyo ikibaki chuoni kulipia walimu, chuo kinapata mapato yanayotabirika na hoteli inapata wanamuziki wanaofika kwa saa. Upande wa Bara kuna fedha ambazo tayari zimetozwa. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, waliyoizoea kwa herufi za SDL, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na sehemu yake hupelekwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Hoteli inayolipa tozo hiyo inaona mpishi na mhudumu wakifundishwa kwa fedha zake; sioni sababu ya kitaalamu ya kumwacha nje mpiga saksofoni anayefanya kazi kwenye ukumbi uleule.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanamuziki wenyewe: muziki hufundishwa mtaani, na vikundi vya taarabu kama Ikhwan Safaa, kilichoanza 1905, vimerithishana ujuzi bila silabasi. Nakubali nusu. Kikundi hurithisha kile kinachokipiga, kwa wale kinaowakubali, na kwa muda mrefu waliokaa nyuma ya ala za taarabu walikuwa wanaume, wanawake wakiachiwa kuimba. Siti and the Band, ambamo wanawake nao hupiga ala, ilizaliwa na waliosoma kwenye chuo kile cha Forodhani. Pingamizi la pili, kwamba singeli na bongo fleva hutengenezwa kwa kompyuta bila udi wala fidla, lina ukweli wake kwenye muziki wa kurekodi. Ila kipato cha kurekodi huishia Dar es Salaam, na kwingine zaidi, wakati usiku wa hotelini Nungwi au harusi ya Muheza hulipwa palepale. La tatu ni kwamba maji na zahanati vitangulie kupewa fedha. Hapo jibu langu ni jembamba zaidi: SDL haikutozwa kwa ajili ya visima, bali kwa ajili ya mafunzo, na humo muziki unashindana na uchomeleaji na ushonaji; chuo cha muziki kikishindwa kuonyesha wahitimu wake wanaingiza kipato gani, fundi cherehani apewe nafasi hiyo.

Linabaki suala la mtaji, na hapa mipango mingi huanguka. Mikopo ya halmashauri za Bara, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024, inaweza kununua ala na spika za kikundi cha wahitimu. Marejesho yake, hata hivyo, yasipangwe sawasawa kila mwezi. Masika hoteli nyingi hupungukiwa wageni, na nyingine hufunga. Mwezi wa Ramadhani ngoma hunyamaza pwani nzima, kisha harusi hufumuka kuanzia Mfungo Mosi. Kikundi kinachodaiwa kiasi kilekile Aprili na Agosti kitauza spika kabla ya mwaka kwisha. Ratiba ya marejesho ifuate misimu hiyo, na mkataba wa hoteli utumike kama dhamana mbele ya afisa maendeleo ya jamii au benki, badala ya barua ya utambulisho ya mtendaji wa kata.