Hesabu za Njia na Televisheni ya Baada ya Isha

Mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara haikuwa na televisheni wala haikuitamani, kwani Mwalimu Nyerere aliiona kuwa ni anasa isiyolingana na hali ya taifa maskini, Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi, ikawa ya mwanzo kufanya hivyo katika Afrika kusini ya Sahara. Bara ikangoja mpaka mwaka 1994. Fahari hiyo husimuliwa aghlabu kama jambo la Unguja, maana ndiko ilikokuwa mitambo. Lakini hazina ya Serikali wakati ule iliishi kwa karafuu, na sehemu kubwa mno ya karafuu za Zanzibar, zamani kama leo, huchumwa Pemba. Kwa hiyo Mpemba aketiye usiku mbele ya televisheni hana sababu ya kuona haya, kana kwamba anajistarehesha kwa mali ya watu. Babu yake alikwishalipa.

Wala babu huyo hakuulizwa. Baraza la Wawakilishi lilianzishwa mwaka 1980, na kabla yake Baraza la Mapinduzi ndilo lililotunga sheria na kuamua fedha ziende wapi; mkulima aliyetaka kujua kwa nini mapato yanunue mitambo ya picha kabla ya kutia lami njia zinazopitisha magunia yake, hakuwa na mlango wa kubisha. Leo mlango upo, na ajabu ni kwamba umo ndani ya chombo kile kile alichokigharimia.

Tuitazame kwanza starehe yenyewe, maana inastahiki. Tangu mwaka 2010, ulipolazwa waya wa umeme chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway, na Pemba ikaacha kutegemea mashine za dizeli za Wesha, usiku wa siku za kazi umekuwa na utaratibu wake katika Wete, Chake Chake, Mkoani na hata vijiji vya mbali. Isha imeswaliwa, chakula kimeliwa, taarifa ya habari imesikilizwa nusu nusu, ndipo zinapofika tamthilia, za kwetu na za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Na asiye na king'amuzi huenda kwa jirani, akakaribishwa mkeka. Wako wanaolaumu desturi hii kuwa ni upotezaji wa wakati. Mimi simo miongoni mwao, kwani sijaona darasa linalonoa hifadhi ya watu kuliko hili: bibi asiyejua kusoma atakueleza nani alificha wasia, nani aliapa uongo mbele ya kadhi, na yule kijana aliyesafiri zamani na hajaonekana tena yuko wapi, na mtunzi akimsahau kijana huyo, bibi hamsamehe.

Laiti barabara na meli zingefuatiliwa vivyo hivyo! Apandaye gari ya Chake kwenda Wete humpa utingo nauli yake, akadhani hesabu imekwisha, kwa kuwa gari ni mali ya mtu binafsi wala Serikali haikuinunua. Haikwisha. Ndani ya bei ya mafuta anayotia dereva imo tozo iendayo Mfuko wa Barabara, nayo humrudia abiria katika nauli, hata akiwa amebeba kikapu cha muhogo tu. Ama kazi kubwa za ujenzi, aghlabu hutegemea fedha za nje, na hapo inafaa kupambanua msaada na mkopo. Njia tano za mashamba za Pemba, takribani kilomita 35, zilizotiwa lami kwa fedha za Marekani katika mpango uliomalizika mwaka 2013, zilikuwa msaada. Barabara ya Chake Chake hadi Wete, yenye kilomita 22 hivi, imeingia katika mkopo wa nje, na mkopo hulipwa na walio hai pamoja na wasiozaliwa bado. Hapo kuuliza kilomita moja imegharimu kiasi gani, na wenye nyumba na mikarafuu iliyokatwa wamefidiwa lini, si utovu wa adabu.

Kwa upande wa bahari suali ni zito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba na imepakia watu kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi, na tume ya uchunguzi ikahesabu waliokufa na wasioonekana kuwa zaidi ya 1,500. Serikali ikaagiza meli yake mpya kutoka Korea ya Kusini, nayo MV Mapinduzi II, ya abiria 1,200, ikawasili mwaka 2015 kwa vifijo. Lakini bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama za meli. Mafuta, vipuri, matengenezo na mishahara ya mabaharia huja kila mwaka bila ya vifijo, na meli iliyofungwa gatini haimfikishi mgonjwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja.

Mambo haya yote husemwa hadharani. Kuanzia mwezi wa Mei, kabla ya mwaka wa fedha kufunguliwa tarehe 1 Julai, mawaziri husoma makadirio yao katika Baraza la Wawakilishi, fungu kwa fungu; matumizi hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na ripoti yake hufika kwa kamati ya wawakilishi yenye haki ya kuwaita watendaji na kuwahoji. Shirika la Utangazaji la Zanzibar, mrithi wa ile televisheni ya 1973, hurusha vikao hivyo, lakini hurushwa mchana, watu wakiwa mashambani na baharini, na usiku hubakia dakika chache ndani ya habari. Rai yangu ni kwamba marudio yawekwe usiku, ahadi ya mwaka jana isomwe kwanza na ya mwaka huu ifuate, ili bibi yule apate kuzilinganisha. Na yawekwe kabla ya tamthilia, maana baada yake nyumba nzima imelala.