Tawi Lililolalia Waya

Mti ukiangukia waya mtupu wa umeme, mara nyingi laini hujikata papo hapo. Mtaa mzima unaingia gizani, simu zinapigwa, mafundi wanapakia ngazi garini. Ni kero, lakini angalau kila mtu anajua kuna tatizo. Waya uliovishwa plastiki hauna ukali huo. Tawi linaweza kuulalia siku nyingi na taa za majumbani zikaendelea kuwaka, huku cheche zisizoonekana kwa macho zikilila ganda lake kidogo kidogo. Ganda likishatoboka, umeme unakatika, au msitu unashika moto.

Tatizo hilo limewashughulisha sana watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Ostrava, katika Jamhuri ya Cheki, ambako nyaya za aina hii hupitishwa msituni. Kumtembeza fundi chini ya laini, kilomita baada ya kilomita, ni kazi ghali na ya kuchosha. Wakaamua kufunga vifaa vya kuzisikiliza nyaya hizo.

Umeme wao, kama huu wetu wa Tanzania na Kenya, hupiga mawimbi 50 kwa sekunde. Ndani ya wimbi moja tu, kifaa huandika vipimo 800,000 kwa kila waya, na laini ina nyaya tatu. Vichore vipimo hivyo: utaona wimbi likipanda na kushuka, na juu yake limeota miiba midogo midogo. Baadhi ya miiba hiyo ni cheche za tawi. Mingine ni matangazo ya redio, maana waya mrefu huyadaka kama antena. Mingine inatokana na radi. Kutenganisha ipi ni ipi kwa macho, usiku na mchana, hakuna binadamu anayeweza. Hapo ndipo mashine inapofundishwa.

Mwishoni mwa 2018 chuo hicho kilizitoa rekodi zake kwenye Kaggle, uwanja wa mashindano ya wataalamu wa data. Za kufundishia zilikuwa 8,712, na zenye hitilafu 525 tu. Tafakari maana yake: programu inayojibu "salama" kila inapoulizwa ingepatia kwa asilimia 94, na isingegundua hata tawi moja! Ndiyo maana waandaaji walitumia kipimo cha Matthews, ambacho huipa programu ya namna hiyo sifuri. Nami nikisikia mtambo wa akili mnemba ukisifiwa kwa asilimia, huuliza kwanza: katika laini mbovu umekamata ngapi, na umewapeleka mafundi msituni bure mara ngapi?

Jambo moja halisubiri mashine. Ganda la waya uliovishwa plastiki halikuwekwa ili mtu aushike. Ukiona tawi limeegemea waya wa umeme, usilivute wala usilikate, hata kama taa zinawaka. Kaa mbali, zuia watoto, piga simu shirika la umeme.