Je, Wajua? Anwani Moja, Ploti Nzima

Je, wajua kwamba anwani za intaneti za aina ya IPv4 ni 4,294,967,296 tu, kwa hivyo haziwatoshi hata watu wote duniani? Mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawanywa Februari 3, 2011. Huku kwetu Afrika, mgawaji ni AFRINIC, yenye makao Mauritius.

Je, wajua kwamba wapangaji wa ghorofa nzima pale mtaani Pipeline wanaweza kuingia mtandaoni kwa anwani moja ya umma? Ile 192.168 unayoiona kwenye simu yako ni ya ndani tu. Jirani wa Kayole anaweza kuwa na hiyo hiyo, na hamtagongana.

Je, wajua kwamba kila anwani ina porti 65,536? Kwa nambari hizo ruta hukumbuka nani aliomba nini, ndiyo maana filamu ya chumba cha 12 haiendi kwa jirani wa 14.

Je, wajua kwamba anwani zinazoanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 ili watoa huduma wawakusanye wateja wao kwenye anwani chache za umma? Ukiiona mojawapo upande wa nje wa ruta yako, basi hata ufungue porti vipi, hutaifikia kamera ya duka ukiwa ushago.

Je, wajua kwamba mwenye saiba Buruburu akikodi fungu la /29 huhesabiwa anwani 8, lakini kwa kawaida hubaki na 5? Ya kwanza hutambulisha mtandao, ya mwisho ni ya kutangazia vifaa vyote, na moja huchukuliwa na ruta ya mtoa huduma.

Je, wajua kwamba ruta nyingi husoma kanuni za fayawoli kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza kulingana ndiyo hutekelezwa? Anza kwa kuruhusu majibu ya maombi yaliyotoka ndani, kisha porti 443 kwa seva yako, halafu ukatae mengine yote. Ukitanguliza "kataa yote", umejifungia nje mwenyewe.

Je, wajua kwamba MikroTik, ruta zinazopendwa na mafundi wengi wa mtaani, hutoka Riga, Latvia? Mwaka 2018 wadukuzi walipenya kupitia Winbox, programu ya kuzisimamia, hata baada ya kiraka kutolewa, kwa sababu wengi hawakukiweka. Porti yake, 8291, isiachwe wazi kwa dunia.

Je, wajua kwamba mpangaji mmoja akituma barua taka, anwani ya pamoja huingia orodha nyeusi na ploti yote huteseka?

Je, wajua kwamba IPv6, mrithi wa IPv4, huweza kukipa kila kifaa anwani yake ya umma? Hapo hakuna tena pa kujificha: fayawoli ndiyo soja wa pekee getini. Fundi akija kukufungia intaneti, muulize kama amewasha fayawoli kwa IPv4 na IPv6 zote mbili.