Mgeni wa Kompyuta na Jembe Lake

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walimu wengi huifafanua methali hii darasani kama kemeo kwa wavivu. Mimi naiona kuwa kanuni ya biashara: yatuambia ni lini mgeni huacha kukirimiwa tu, na kwamba mwenyeji ndiye amkabidhiye zana.

Mwaka 2020 Kenya ilitoa jembe la namna yake. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitaka Wakenya wamiliki angalau asilimia 30 ya kila kampuni inayopewa leseni ya huduma hizo. Zilizokuwa na upungufu zikapewa miaka mitatu kuurekebisha. Kabla muda huo haujaisha, Machi 2023, Rais William Ruto aliwatangazia wawekezaji wa Marekani jijini Nairobi kwamba sharti hilo lingeondolewa. Julai mwaka huo huo Starlink ikaanza kuuza intaneti ya setilaiti nchini.

Silililii asilimia hizo. Yamkini hisa zingeishia kwa matajiri wachache wa Nairobi, na mfugaji wa Namoruputh asingeonja hata moja. Setilaiti yaweza kumfaa kuliko hisa. Kosa ni kwamba jembe liliondolewa na jingine halikutolewa.

Sasa tuje Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi imekuwapo tangu 1992. Huko wamo wageni wanaoliomba jembe wenyewe. Mkataba Mkuu wa Biashara ya Huduma, ulioanza kutumika Januari 1995, wahesabu njia nne za kuuza huduma baina ya nchi: huduma yenyewe kuvuka mpaka, mteja kuifuata, kampuni kufungua ofisi ugenini, au mtu kusafiri kuitekeleza. Kijana wa kambini aliyejifunza kompyuta, akamwandikia programu mteja aliye Berlin, anatumia njia ya kwanza. Kazi yake hufika Ulaya kwa nukta chache. Yeye mwenyewe huhitaji ruhusa ya kuondoka kambini aende Lodwar. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imemtambulia haki ya kufanya kazi, lakini kibali cha daraja M kimekuwa kigumu kupatikana. (Kiturkana huwaita watu wa nje ngimoe, neno libebalo pia maana ya maadui. Kiswahili chetu kina ukarimu zaidi, walakini ukarimu huo naona umewaelekea wenye mitaji.)

Kwa makampuni, jembe ninalopendekeza ni lugha. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 yakifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 46 yampa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike na huduma. Hata hivyo, mnunuzi wa Lodwar aghalabu hutakiwa kubonyeza neno la kukubali chini ya kurasa tele za Kiingereza cha mawakili, asijue data zake zaenda wapi wala amlalamikie nani. Leseni na idaiwe mkataba wa Kiswahili, na mtu wa kujibu malalamiko kwa Kiswahili. Watasema gharama ya tafsiri ni kubwa. Si kubwa kwa kampuni iliyomudu kurusha setilaiti, na miongoni mwa vijana wa Lodwar na Kakuma wamo wazungumzao lugha tatu au nne, ambao wangeifanya kazi hiyo kwa ujira halali, mradi wapewe vibali.