Namba Inayounganisha Ofisi za Serikali

Mkazi wa Usa River, chini ya Mlima Meru, alipiapo maji, na mfanyabiashara wa Jiji la Arusha alipiapo leseni, wote wawili huanza kwa kupewa kumbukumbu namba ya malipo yenye tarakimu 12.

Namba hiyo hutolewa na mfumo wa malipo ya Serikali uitwao GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017. Utendaji wake ni huu: ofisi inayodai hupeleka deni katika mfumo, na mfumo hutoa namba. Mwananchi hulipa benki au kwa simu ya mkononi. Mara moja taarifa hurudi ofisini kwamba deni limelipwa. Kwa hiyo fedha hazipiti mikononi mwa karani, na hesabu za ofisi, benki na Hazina zaweza kulinganishwa.

Safari ya kufika hapa haikuwa nyepesi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965, lakini hesabu zilipovurugika, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku mwaka 1974. Ilidhihirika kwamba mtambo bila wataalamu na utaratibu hauleti maendeleo. Ndiyo maana Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma, ili ipate kusomana.

Hata hivyo, mtandao ukikatika, mlipaji wa Usa River na wa mjini hukwama pamoja. Uimara wa mtandao, basi, ni sehemu ya huduma yenyewe.